Mkanda wa Kiti cha Pili

Honi ililia saa sita mchana, mara moja tu, kifupi, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Noël alikuwa nje ya karakana yake pale Masisi-centre, amekaa juu ya tairi la Fuso, anakula muhogo na karanga. Akaitika bila kufikiri, "Nakuya!" Akapangusa mikono kwenye suruali, akaingia. Ndani hapakuwa na mtu. Gari lilikuwa juu ya magogo, bila magurudumu, boneti wazi, na betri yake ilikuwa kule mezani, nyaya zimeng'olewa, hazigusani na kitu chochote.

Noël akabaki amesimama mlangoni na muhogo mdomoni. Mlio wa honi angeweza kuusahau, maana fundi huzoea vituko vya magari. Lakini alikuwa ameitika, na hilo hakuweza kulisahau.

Jioni alipomweleza mwenye gari, mwenye gari akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Iko umeme ilibakia mu nyaya," akasema.

Umeme ulibakia! Gari halijaonja betri tangu babu zetu walipokuwa vijana wa kupigania wasichana, halafu umeme ubakie humo, unangoja nini? Unangoja Émile?

Ebu nikwambie huyo Émile ni nani, maana usipomjua utamhurumia bure. Émile Kitsa ni mfanyabiashara wa jibini na maharagwe, mwenye nyumba ya ghorofa yenye vioo vya buluu ambavyo hakuna mtu Masisi aliyemwomba aviweke. Alikwenda Ubelgiji kwa binamu yake miezi michache, akarudi na glavu za ngozi za kuendeshea gari. Alikuwa anazivaa hata akienda kununua chumvi. Kanisani alikaa kiti cha mbele, na alikuwa anautaka ukuu wa baraza la parokia kwa uchu ambao mtu mwenye haya angeuficha. Huko Ulaya alikuwa ameona matajiri wakipeleka magari yao ya kale ya michezo kwenye uwanja wa mbio, wanayakimbiza mchana kutwa, hawashindani na mtu, wanasikiliza mlio tu na kupigana picha. Akarudi akisema na yeye lazima apate gari la kale. Sisi tukashangaa, kwa sababu magari yote yanayopita hapa kwenda Walikale ni ya kale, lakini hayo hakuyataka.

Akalipata la kwake kule Mpofi, Walikale, ndani ya hangari ya matofali ambamo Mzungu mmoja wa kahawa alilifungia alipokimbia, zamani hizo. Milango miwili, boneti ndefu, viti viwili tu. Msitu ulikuwa umeifunika hangari yote na gari limekaa humo kavu, chini ya turubai. Émile akawapigia simu watu fulani wa Bukavu wenye magari ya aina hiyo, wakakubaliana: wao watapanda kwa njia ya Hombo, yeye atateremka kutoka Masisi, watakutana kwenye kile kipande cha lami kilichonyooka baada ya Walikale-centre, ambapo ndege ndogo zilikuwa zinatua barabarani. Siku hiyo aliiita "siku ya piste", yaani ya uwanja wa mbio. Aliirudia mara nyingi kiasi kwamba hata mbuzi wa jirani walikuwa wanaijua.

Siku walipokwenda kulitoa, mwanamke mmoja aliwazuia. Mama Pétronille, mjane wa mwindaji, analima muhogo kando ya hangari ile, ana sauti kavu na hana subira na watu wa mjini. Akawaambia desturi ya pale, ambayo watu wa Walikale wanaifuata hata kwa chuma cha mtego wa marehemu: kitu ambacho msitu umekikalisha muda mrefu, anayekitoa anaacha nguo aliyoivaa mwenyewe, na anasema kwa sauti jina lake na la baba yake. Basi. Hakuna kuku, hakuna damu.

"Fasi hii iko na mwenyewe," Mama Pétronille akasema, akionyesha mahali pale kwa kidole. "Anapashwa kujua ni nani alibeba."

Émile akacheka, lakini vijana wa kusukuma wakaweka kamba chini na kukunja mikono. Ndipo akasema haya, yeye atafanya, ila wote watoke mpaka barabarani, maana Mukristo kama yeye hawezi kufanya mambo hayo mbele ya watu. Wakatoka, na Noël pia. Mama Pétronille peke yake akabaki mlangoni. Baada ya muda mfupi Émile akatoka anapangusa glavu zake. "Imekwisha," akasema. "Sukumeni pole pole, musikwaruze!"

Jioni hiyo Noël akatafuta koti lake la kazi ndani ya Fuso, hakuliona. Akadhani vijana wameiba.

Sasa kazi ikaanza. Émile ni shemeji ya Noël, amemwoa dada yake mkubwa Francine, kwa hiyo karakana ya Noël ikageuka kuwa karakana ya Émile bila mtu kuulizwa. Noël akamwaga mafuta yaliyokuwa yameganda kama sabuni, akafungua kabureta, akabadilisha mipira ya breki, akang'oa pampu ya maji na kuifunga tena kwa kufuata video za simu. Watu wa Bukavu walikuwa wametuma masharti: breki mpya, chupa ya kuzimia moto, ndoano ya kuvutia gari, na mikanda ya usalama minne-minne kwa viti vyote viwili. Émile akawa anakuja kila siku kusimama na kutoa amri. Alilipaka rangi nyekundu. Alitaka kila bolti ing'ae. Siku moja alimwita Noël mbele ya wateja akamwambia sauti ya injini haina "heshima".

Harufu ikaja baada ya honi. Noël alikuwa amesugua viti kwa sabuni na esansi, yaani petroli, lakini kila asubuhi akifungua mlango wa gari alikutana na harufu ya majani yaliyooza, majani ya mvua, ile harufu ya chini kabisa ya msitu ambapo jua halifiki. Kiti cha pili kilikuwa na unyevu. Akikiweka nje juani kinakauka, akikirudisha, kesho yake kimelowa tena, na umbo la unyevu lilikuwa umbo la mtu aliyekaa.

"Shemeki," Noël akamwambia Émile kwa sauti ya chini, "hii kintu haiko muzuri. Tuite Padri."

"Padri aone nini? Aseme Émile iko na muzimu mu nyumba? Uchaguzi ya baraza iko karibu. Funga mudomo, funga bolti."

Hivyo ndivyo alivyosema, na alijiona amesema neno la akili.

Asubuhi moja Francine akateremka na termosi ya chai. Francine ndiye aliyemlea Noël mama yao alipokufa. Alimbeba mgongoni akienda shuleni, akaacha shule ili yeye asome ufundi. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya karakana. Akamkuta mdogo wake ameegemea ukuta, miguu mitupu, macho kwenye gari.

"Dada, usifike karibu," akanong'ona.

"Ju ya nini?"

"Kuko muntu anaikala mu kiti."

Francine akainama kidogo akatazama kupitia kioo, na kwanza hakuona kitu ila ile mikanda mipya, mikanda ya kiti cha dereva imelegea na kulala kama ilivyoachwa, lakini mikanda ya kiti cha pili ilikuwa imefungwa, kifungo kimeingia ndani ya tundu lake, na kamba zake hazikulala kitini, zilikuwa zimejitokeza mbele, zimekaza, zimezunguka kifua ambacho hakikuwepo, na alipokuwa anajiambia ni upepo, ni ukungu, ni macho ya asubuhi, akaona zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, polepole, jinsi kifua cha mtu aliyelala kinavyopanda, na hapo akageuka kumtazama Noël na akaona kifua cha Noël kinapanda pamoja nazo na kushuka pamoja nazo, na kwa hofu akamziba mdogo wake pua na mdomo kwa kiganja chake, na mikanda ile ikasimama. Akamwachia. Noël akavuta pumzi. Mikanda ikavuta pumzi.

Termosi ilipasuka chini na wala hakuisikia.

Émile alipofika, mikanda ilikuwa imelegea. Akaivuta kwa glavu zake, akatoa hukumu: "Ni mikanda mubaya, ya bei kidogo." Halafu akamkemea mke wake kwa sababu ya termosi.

Tangu siku ile Noël akaanza kupungua. Chakula hakikupita. Chini ya kucha zake kulikuwa na kuvu ya kijani, na hata akisugua kwa brashi ya chuma ilirudi. Katikati ya mazungumzo alikuwa anageuza kichwa na kuitika, "Nakuya," wakati hakuna aliyemwita. Jioni jua likishuka alikuwa anaacha vyombo chini, anavua viatu, anashika njia ya Nyabiondo, upande wa Walikale, anatembea kama mtu anayekwenda kazini, na Francine anamkimbilia na kumrudisha kwa mkono.

"Nani anakuita, Noël?"

"Anajua jina yangu, Dada. Anajua mpaka ya Papa. Miye sikumuambia."

Francine akamwendea mume wake akamwambia mdogo wangu anakufa. Émile alikuwa mbele ya kioo, anajaribu ovaroli nyekundu ya mbio iliyomkaba mapajani. "Ni pombe," akasema. "Nivute zipu hapa."

Francine akavuta zipu. Kesho yake akapanda pikipiki mpaka Mpofi, kumtafuta yule mwanamke wa hangari.

Mama Pétronille alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya muhogo. Hakusimama Francine alipomsalimia na kujitaja kuwa dada yake Noël. "Ni weye dada ya Noël," akasema. "Ule munene, mwenye tumbo na glavu."

"Hapana, Mama. Noël iko mwembamba. Glavu ni ya bwana yangu, Émile."

Kisu kikasimama. "Basi ni nani alisimama mu hangari, na masikio yangu inasikia, akasema, 'Miye Noël, mutoto ya Straton'?"

Francine akakaa chini, palepale kwenye maganda.

Nadhani umeshaelewa. Desturi ilikuwa ndogo, maneno machache ya kumaliza haraka, lakini mheshimiwa aliogopa jina lake la ubatizo lisisikike ndani ya hangari ya kipagani, habari isije ikafika parokiani ikamharibia kiti. Akachukua koti la shemeji yake kutoka kwenye Fuso, akalitundika, akasema jina la shemeji yake na la baba mkwe wake. Hata hakuona vibaya. Kwake Noël alikuwa kitu cha nyumbani, kama spana.

"Angesema yake, ingemufanya nini?" Francine akauliza.

Mama Pétronille akatema mate pembeni. "Hakuna! Jina ukiisema weye mwenyewe, iko salamu. Mwenye fasi anaitikia, anakuacha unaenda. Jina ya mwengine ukiisema, iko zawadi. Anaipokea."

Akampeleka hangarini. Mchana ule jua lilikuwa kali, lakini ndani kulikuwa na giza la kijani na ile harufu. Koti lilining'inia kwenye msumari. Kutoka ukutani mizizi myeupe, laini kama vidole vya mtoto, ilikuwa imeingia kwa chini na kujaza mikono ya koti mpaka mikono ile ikasimama mbali na mwili, na kola ilikuwa imeanza kujaa.

"Anajuana naye kwanza, pole pole," Mama Pétronille akanong'ona. "Siku motokari itakimbia na nguvu yake yote, njo siku atamubeba. Roho ya muntu itabakia hapa, na yeye mwenye fasi njo atatoka mu mwili yake."

"Na kama Émile anakuya kusema ukweli?"

"Akisema yake mwenyewe mbele ya siku ile, mambo imekwisha, kwa bote. Aje aseme."

Francine akarudi Masisi na tumaini. Si kitu kikubwa, alifikiri; mtu atashuka garini, ataingia, atasema jina lake, atatoka. Usiku kucha alimbembeleza. Alimpigia magoti mumewe kwenye vigae vyake vya kung'aa. Émile hakukana. Alisema ndiyo, nilisema jina ya Noël, na nini? Halafu akamweleza, kwa upole wa mtu anayefundisha katekisimu, kwamba mkuu wa baraza hawezi kuonekana anaungama mbele ya mizimu, kwamba watu wana simu, watapiga picha, na kwamba Noël hajaoa, hana mtoto, hana kitu kikubwa cha kupoteza.

"Hata akikufa?"

"Hatakufa. Na akikufa, nitamuzika vizuri."

Francine alilia mpaka asubuhi. Baada ya hapo hakulia tena.

Siku ya safari gari jekundu lilifungwa juu ya Fuso kwa kamba. Émile alikaa mbele na dereva. Francine na Noël walikaa nyuma karibu na magurudumu, Noël amefunikwa blanketi, anaitika kila mara kwa sauti ndogo, "Nakuya, nakuya." Émile alikuwa ameamua kwamba fundi lazima apande naye kiti cha pili, asikilize injini. Francine alikuwa na mfuko wa plastiki mapajani.

Walipofika Mpofi akagonga paa la dereva. Fuso ikasimama. Akashuka, akaenda dirishani kwa mume wake.

"Papa, hangari iko palepale. Shuka. Unasema jina, tunaenda. Bantu ya Bukavu bado hawajafika. Hakuna atakuona."

Émile akaangalia saa yake. "Rudi nyuma, tunachelewa."

"Nakuomba."

"Francine, usinipatishe haya mbele ya dereva!"

Akapandisha kioo. Francine akakitazama kioo kile kitambo, akajiona mwenyewe ndani yake, kisha akaenda hangarini peke yake na mfuko wake.

Mama Pétronille alikuwa mlangoni. Alimwona akishika koti la Noël kwa mikono miwili na kuling'oa, mizizi ikikatika na kutoa maji, na ndani ya hangari kitu kikapumua kwa hasira kutoka pembe zote. Alimwona akitoa kwenye mfuko shati jeupe la Jumapili, ambalo halikufuliwa bado, kola ina jasho la Misa.

"Unajua unafanya nini?"

"Najua."

"Hauko unalia?"

"Nililia jana."

Akalitundika shati kwenye msumari. Akasema kwa sauti iliyofika barabarani, kama Émile angekuwa amefungua kioo angeisikia: "Alibeba motokari yako ni Émile Kitsa, mutoto ya Jean-Claude, mubatizwa wa parokia ya Masisi. Nakupatia huyo."

Alipopanda tena Fuso, Noël alikuwa ameketi wima, blanketi pembeni. "Dada, nasikia njaa," akasema. Akala mikate yote ya safari, akalala, na hakuitika mtu mpaka Walikale-centre.

Kwenye lami kulikuwa na manyunyu. Msitu umesimama pande zote mbili, na katikati kile kipande kinakwenda mbele kama rula. Watu wa Bukavu walikuwa wamefika na magari yao matatu, simu mkononi. Émile akatokea na ovaroli yake, na helmeti, na glavu, akazunguka gari akipigwa picha kila upande. Alipomwita Noël apande, Noël akakataa waziwazi, akasema tumbo linamuuma kwa mikate. Émile akamtukana mbele ya wageni, akaingia peke yake, akafunga mikanda.

Francine alikuwa amesimama karibu. Akaona mikanda ya kiti cha pili inajinyoosha, inapita hewani, inaingia tunduni. Akasikia kile kifungo kikisema *ka*. Émile naye alisikia, maana aligeuka, na uso ndani ya helmeti ukabadilika, akaweka mkono kwenye kifungo chake mwenyewe akakibonya, akakibonya tena, akamtazama mke wake kupitia kioo na midomo yake ikatamka kitu, lakini injini ilikuwa imeshawaka bila yeye kugusa ufunguo, na gari likaondoka taratibu kwanza, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi ambayo wale wa Bukavu waliacha kupiga picha na kuteremsha simu zao, linazidi kuwa dogo kwenye lami iliyolowa, jekundu kati ya kuta mbili za kijani, na huko mbali kabisa ambapo macho yanakaribia kushindwa honi ikalia, mara moja, kifupi, na kila mtu aliyekuwa pale alisikia sauti ya mwanamume, nyembamba, ya utii, ikiitika: "Nakuya!"

Gari lilikuwa limesimama mwisho wa lami. Halafu likageuka, likarudi polepole, kwa uangalifu mwingi, kama linaloendeshwa na mtu anayejifunza.

Émile akashuka. Akavua helmeti, akavua glavu, akazikunja na kuziweka juu ya boneti. Akawasalimia wageni wote kwa mikono miwili. Akamwendea Noël akasema, "Aksanti kwa kazi." Akawapa mkono hata wapakiaji wa Fuso, ambao hakuwahi kuwatazama usoni. Manyunyu yalimdondokea machoni na hakupepesa. Akaja mpaka kwa Francine, karibu kabisa, na pumzi yake ilikuwa ya majani yaliyooza.

"Bibi," akauliza kwa sauti ndogo, "nyumba yetu iko upande gani?"

Wageni walimpigia makofi. Na sisi wa Masisi, tusijifanye wajanja, tulimpigia pia. Tulisema safari imemnyoosha. Hajisifu tena, hagombani sokoni, anasikiliza mtu mpaka amalize. Jibini yake haina ujanja wa mizani. Padri alimtaja madhabahuni, na baraza likamchagua kuwa mkuu bila mtu kunyoosha mkono wa kukataa. Ni kweli anakaa uani mvua ikinyesha mpaka aambiwe aingie. Ni kweli kuku hawamkaribii. Ni kweli anapolala macho yake hayafungi, na Francine anageukia ukutani, na godoro upande ule halikauki. Lakini hayo ni ya ndani ya nyumba, na nani alimuuliza?

Noël amenenepa. Karakana yake ina kazi kila siku, na ameanza mazungumzo na wazazi wa msichana mmoja.

Juzi kijana wa pikipiki alifika kutoka Mpofi na ujumbe kwa Francine. Aliutoa haraka-haraka, anatazama pembeni. Mama Pétronille anasema hangarini kuna sauti ya mwanamume. Haionekani, inasikika tu, mchana kutwa. Inaamuru watu wasukume taratibu. Inawatukana wanawake wanaopita na vikapu. Na inasema jina lake, lote, la ubatizo na la baba, kwa nguvu, kisha kwa kulia, kisha inaanza upya, Émile, Émile Kitsa, mutoto ya Jean-Claude, mpaka wakulima wameanza kuhama upande ule.

"Anasema shati bado haijashika mizizi sana," kijana akaongeza. "Ukikuya mbio mbio unaitoa, bwana yako atarudi. Lakini jina ya kwanza, ya Noël, njo itarudi fasi yake."

Ng'ambo ya ua mume wake alikuwa amemwona mgeni. Alikuwa anakuja kwa miguu mitupu, ameshika kikombe cha maji kwa mikono yote miwili, anatembea polepole ili yasimwagike. Kutoka bondeni nyundo ya Noël ilikuwa inasikika ikigonga chuma.

Francine akamsogelea kijana akamnong'oneza sikioni.

"Sema haukunikuta."